Ulimi Wako Si wa Paka

Kabla ya kumwaga chochote kwenye sufuria, kivunjeni kwanza kwa vidole. Kipande cheupe kikavu kikiwaachia unga kwenye glovu kama chaki ya mwalimu, hicho ni kiazi kikuu cha Kichina, mwageni kwa amani. Lakini kikiwa chembamba, kimejikunja kama kucha iliyokatwa, na kikivunjika kinalia ta!, simameni hapo hapo. Hiyo ni baihe, magamba makavu ya kitunguu cha ua la yungiyungi. Mbwa mzee mwenye kikohozi kikavu huwekewa kidogo na hapati shida. Paka akila, figo zake zinakufa, na mwenyewe anazifuata.

Nawaona mkitabasamu. Hapa Buffalo siku hizi kila gunia lina mistari yake, unaelekeza kimashine, kinalia, na skrini inakuambia ni kitu gani na kiende wapi. Vizuri sana. Lakini kimashine kinasoma karatasi iliyobandikwa nje. Kilichomo ndani anakijua mtu aliyefungua. Basi fungueni, nuseni, vunjeni. Anayeona aibu kunusa mbele ya wenzake, arudi nyumbani akalale.

Mimi ni Mama Eliya. Nimekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, nikaolewa kambini, nikazaa kambini, halafu nikaletwa Marekani nikapewa kazi ya kupika chakula cha mbwa na paka. Mungu naye ana utani wake. Nilipika Louisville, nikapika Columbus, nikamalizia hapa Buffalo pale mgongo ulipokataa. Sasa nakaa Kenmore na mwanangu Eliya, sina kazi ila kuwasumbua ninyi vijana wa kanisani mnaoingia kwenye majiko haya haya.

Msidhani nilianza nikiwa mjuzi. Jiko la Louisville lilikuwa dogo, la watu wanaopika chakula na kukigandisha, na wateja wao walikuwa wale wanaosema mbwa wangu, mwanangu. Siku ya kwanza nilionyeshwa makopo ya mizizi na maganda, nikajua nimeletwa kwa mganga. Huangqi, mzizi mrefu wa manjano unaonuka kama maharage mabichi. Kunazi nyekundu zilizokauka. Maganda ya machenza, meusi kwa uzee, na kadiri yanavyozeeka ndivyo bei inavyopanda. Nikauliza mbwa amefanya nini mpaka apewe dawa yote hiyo. Nikaambiwa hajafanya kitu, amezeeka tu.

Aliyenifundisha alikuwa Daktari Fang, mama wa Kichina, daktari wa wanyama, mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana. Hakuniruhusu kugusa mizani mpaka nimejua kila kitu kwa pua. Aliniambia mapema kwamba dawa zile ni za kusaidia, hazifufui, na mteja anayetaka mbwa wake aishi milele aende kanisani. Alinifundisha pia kwamba mbwa ni mgeni wa harusi, anakula kinacholetwa, ila paka ni wifi. Ukizidisha huangqi kidogo tu, paka ananusa, anakutazama, anaondoka zake. Tulishamwaga vyakula vingi kwa ajili ya pua ya paka mmoja pale ofisini.

Baihe Daktari Fang hakuipenda jikoni. Alisema nyumba yenye paka haiweki hata ua lake mezani. Lakini chakula cha mbwa wenye kikohozi kilikuwa kinauzika, bosi akataka kibaki, wakaafikiana kwa sheria. Gunia la baihe lifungwe utepe mwekundu, chakula hicho kipikwe peke yake, na gunia likiisha lipelekwe moja kwa moja kwenye pipa la nje, bila kukung'utwa. Hilo la kukung'uta alilirudia sana. Mimi nilifikiri anatia chumvi, maana nani atakung'uta vumbi la gunia Marekani?

Sisi. Sisi ndio tutakung'uta.

Wanangu, ninyi mmezaliwa au mmekulia hapa, kwa hiyo acheni niwaeleze. Kambini, chakula kikigawiwa, magunia matupu hayakutupwa. Kulikuwa na wanawake waliopewa ruhusa ya kuyakung'uta. Unaligeuza gunia ndani nje, unapiga mishono kwa kiganja, na yale makapi yanayodondoka juu ya kanga ndiyo chakula cha wasiofikiwa na foleni. Bingwa wao alikuwa Daforoza. Alikuwa mkubwa kwangu, mjane, mwembamba kama ufito, na mikono yake ilitoa unga mahali ambapo wewe na mimi tungeona kitambaa tu.

Mwaka Eliya alipokuwa mchanga mimi nilikauka maziwa. Daforoza alikuwa akipita kwenye hema letu na fundo la makapi, anapika uji mwepesi, anachota kwa kidole, anaonja mwenyewe, anasubiri. Wakati mwingine magunia yalikuwa yamemwagikiwa mafuta ya taa, au yamewekwa karibu na sumu ya panya. Basi alionja, akakaa, akiona tumbo lake limetulia ndipo akamlisha mwanangu. Eliya ni mtu mzima leo kwa sababu ya gunia na ulimi wa mwanamke yule. Mkilielewa hilo, mtaelewa kwa nini siku ninayotaka kuwasimulia ilinipasua katikati.

Tulikutana tena Louisville, mtaa wa Newburg, majengo mawili yakitutenganisha. Nililia barabarani watu wakitutazama. Nikamwombea kazi pale jikoni, akapata. Mimi nilikuwa kwenye mizani ya dawa, yeye kwenye sufuria. Wasimamizi walimpenda kwa sababu hakuacha punje. Mazoea yana taabu, nami nilimwambia, "Dada Daforoza, hapa vinatupwa." Akasema, "Nimesikia." Kusikia alisikia.

Ilikuwa Ijumaa ya joto lile la Louisville linalonata shingoni. Asubuhi tulipika cha mbwa wenye kikohozi, kisha sufuria zikaoshwa, tukapika cha paka: kuku, maini, malenge, kiazi kikuu. Mchana cha paka kilikuwa kimefungwa, kimeingia friza, na kimeanza kupangwa kwenye lori la kwenda madukani. Nikaenda chumba cha kubadilishia nguo kunywa maji. Kwenye mfuko wa Daforoza kulichungulia gunia lililokunjwa vizuri. Alikuwa akiyakusanya kubebea mboga yake ya lengalenga kutoka bustanini, kila mtu alijua. Lakini hili lilikuwa na utepe mwekundu. Na lilikuwa limegeuzwa ndani nje.

Nikalifungua. Mishono ilikuwa safi, hakuna hata vumbi.

Yeye akaingia akifunga kilemba chake. "Dada," nikamwambia, "hili umelikung'utia wapi?"

"Pipani. Si ndiyo sheria?"

Hakunitazama. Nami nilimjua mtu huyu. Tangu nimfahamu hakuwahi kukung'utia gunia pipani, wala asingeweza hata angelazimishwa na askari. Mtu anayetupa gunia pipani halipigi mishono.

"Ni kwenye sufuria ya paka?"

"Mama Eliya, niache nikapumzike."

Sikuwa na ushahidi wowote, nawaambia ukweli. Nilikuwa na gunia safi na tabia ya mtu. Nje nilisikia paleti zikiburutwa. Nikawaza: nikinyamaza na nimekosea, hakuna aliyeumia. Nikinyamaza na niko sahihi, paka wa watu nisiowajua wataanza kutapika, mmoja nyumba hii, mwingine nyumba ile, na hakuna atakayejua ni nini. Nikisema, ninamtaja aliyemlisha mwanangu. Nilisimama pale na gunia mkononi na nilimchukia Daforoza, halafu nikajichukia kwa kumchukia, na lori halikuwa likinisubiri nimalize.

Nikakimbia. Mlangoni mpakiaji mmoja wa Kikongo akanizuia kwa mkono. "Bon, mama, tuko tunafunga mlango, donc simama kule kidogo."

"Usifunge. Kamau yuko wapi?"

Kamau alikuwa msimamizi wetu, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki kazini, kijana mpole, muumini, aliyeogopa bosi kuliko radi. Nilimkuta anazungumza na Daktari Fang, aliyekuja kukagua dawa kama kila Ijumaa. Nikamwambia lori lisitoke, nadhani gunia la baihe limekung'utiwa kwenye chakula cha paka.

Daktari Fang alivua miwani.

"Unadhani?" Kamau akasema. "Mama Eliya, please. Lori iko na schedule. Nikisimamisha na tupate hakuna kitu, mimi ndio naenda home. Nani ameona?"

"Hakuna aliyeona."

"Sasa nani amefanya?"

Vijana, jina la mtu ni zito mdomoni. Kwetu hulitaji jina la mkubwa wako kwa bosi, hata kama amekukanyaga. Unamwendea nyumbani, unakaa, unapitia kwa wazee, mnasameheana. Lakini friza ilikuwa wazi na dereva amekwisha kupanda.

"Daforoza," nikasema.

Aliitwa. Alikuja akipangusa mikono kwenye aproni, akaona gunia mikononi mwangu, akaelewa. Kamau akamwuliza kwa heshima, "Mama, hii sack uliitupa ama uliikung'uta kwa sufuria?"

"Nimelikung'utia pipani."

"Una hakika, mama?"

"Pipani." Kisha akanigeukia mimi, sauti chini. "Fadhila ya punda ni mateke, Mama Eliya."

Daktari Fang alikuwa amekwisha kufungua pakiti moja, ameiyeyusha kwa maji ya moto, anaipitisha kwenye chujio na kuitazama kwa taa. Akatikisa kichwa. Vumbi likishapikwa pamoja na maini halionekani, na pakiti moja si ushahidi wa nyingine. Alimwambia Kamau lori lisitoke hata hivyo. Kamau akasema yeye si mwenye kiwanda, akampigia bosi, na kutoka pale tulipokuwa tulisikia bosi akiuliza kwa sauti ya juu: nani ameona? Kamau akarudia maneno yangu, kwamba hakuna. Akashusha simu. Jasho lilikuwa likimtiririka, na joto la siku hiyo halikuwa sababu pekee.

"Anasema liende," akasema. "Kama hakuna mtu ameona, liende."

Dereva akawasha injini.

Sijui neno lile lilinitoka wapi. Sikupanga. Nilimwangalia Daforoza, nikaona ile mikono, nikaona hema letu, na nikaongea naye kana kwamba hakuna mtu mwingine.

"Dada, Eliya ulikuwa unampa uji bila kuonja?"

Akashtuka. "Nini?"

"Yale makapi. Ulikuwa unamtupia tu mtoto wangu?"

"Mimi?" Kifua kilimpanda. "Mimi nimpe mtoto kitu sijaonja? Ulikuwepo! Uliniona!"

"Na hawa wa leo? Umewapa bila kuonja?"

"Lini mimi nimempa kiumbe cha Mungu chakula sijaonja?" Alikuwa anapiga kelele sasa, ameumizwa kweli, machozi yamemlenga. "Nimeonja! Nimelamba kiganja, nikasubiri mpaka maji yachemke, tumbo limetulia, ndipo nikakung'uta! Ni dawa nzuri ile, tamu kidogo, chungu kidogo, haina kitu!"

Kisha akajisikia alichosema. Akaweka mkono mdomoni.

Kamau alikuwa amekwisha kukimbilia lori, anapiga ubao wa mlango kwa ngumi. Injini ikazima.

Daktari Fang alimsogelea Daforoza. Nilidhani atamgombeza, maana alikuwa na ulimi. Badala yake akamshika kiwiko, akamwambia polepole, nami nikamtafsiria: yeye Fang huila baihe kwenye supu kila msimu wa joto. Mama yake aliila, bibi yake aliila. Wewe ukila, hakuna kitu. Mbwa akila, hakuna kitu. Paka peke yake Mungu alimuumba vingine. "Umeonja vizuri," akasema, "lakini ulimi wako si wa paka."

Daforoza akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya zege. "Sheria niliielewa," akaniambia kwa Kirundi. "Moyo ndio uliokataa."

Kilichofuata sipendi kukisimulia, lakini ni sehemu ya kazi na mtakutana nacho. Chakula kilichoharibika hakitupwi na pakiti yake, mtu anaweza kukiokota. Kila pakiti inachanwa na kumwagwa. Kamau alitaka vijana wa paleti wafanye. Daforoza akakataa, akachukua kisu. Nami nikachukua changu. Tukasimama nyuma ya jengo kwenye pipa kubwa, juani, tunachana na kumwaga, tunachana na kumwaga, na harufu ya kuku na malenge ilikuwa nzuri kuliko vingi tulivyowahi kula kambini. Alilia muda wote bila sauti. Mwishoni pipa lilikuwa limejaa, na yeye akapitisha kidole kwenye ukingo wake kukusanya kilichobaki, kwa mazoea, akakitazama kidole, akakifuta kwenye pipa.

Kamau alimtetea mpaka bosi akamtisha yeye mwenyewe. Hakusikilizwa. Daforoza aliondolewa. Baihe nayo iliondolewa, hatukuiona tena jikoni, na Daktari Fang alisema angefurahi zaidi kama isingehitaji siku kama ile ili iondoke. Kanisani Daforoza akahamia benchi la upande wa pili. Nilimpelekea lengalenga, nikaliona mlangoni limekauka.

Watoto wangu walipohamia Columbus niliwafuata, tukakaa Reynoldsburg, nikapata jiko jingine lenye mizani ya skrini. Huko akina mama wa maombi waliposikia kazi yangu walinizunguka wakaniwekea mikono, kwamba ninafanyia mbwa uganga. Nikawaambia, "Ninyi mkikohoa mnachemsha tangawizi na limau. Nani amewaombea toba?" Wakacheka, wakaendelea kuomba vile vile. Mmoja akaniuliza kwa nini kila kipande nakivunja na kukinusa kama mchawi wa kweli. Sikumweleza.

Nimewaeleza ninyi kwa sababu mtafanya kosa hili hili. Halitakuwa na baihe, litakuwa na kitu kingine, lakini litatoka mahali pale pale. Litatoka kwenye kitu kizuri ulichofundishwa na mama yako, kilichokuokoa, na utakifanya kwa moyo mweupe mahali ambapo kinaua. Na atakayekufanya usimame huenda akawa mtu uliyemlisha. Siku hiyo usimwambie habari za punda.

Nilipostaafu nilimwambia Eliya anipeleke Newburg, kule Louisville. Safari ni ndefu. Daforoza alifungua mlango, amezeeka, kilemba kile kile. Alimtazama Eliya kutoka viatu hadi kichwa, akamshika mashavu kwa mikono miwili akamwinamisha. Mimi hakunitazama. Akasema, "Ingieni, chakula kipo."

Alipika ugali na maharage yenye vitunguu vingi, kwetu ndivyo yanavyotakiwa. Alichota kwa kidole, akaonja, akasubiri kidogo, akaweka sahani mbele ya Eliya. Mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, akala akiwa ameinamisha kichwa. Mjukuu wa Daforoza alikuwa na paka wa kijivu, aliyezungukazunguka miguuni petu akilia.

"Bibi, she's hungry," yule mtoto akasema.

Daforoza alikuwa amekusanya mabaki ya sahani zote kwenye sahani moja, maharage na mchuzi, punje zote, hakuna iliyopotea. Akainama kumwekea paka. Akasimama katikati, mgongo umepinda, sahani mkononi. Kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Yana vitunguu," akasema. "Huyu anaweza?"

"Hawezi, dada. Vitunguu vinamuua."

Akanyooka. Akaenda kwenye ndoo ya takataka, akafungua kifuniko kwa mguu, akageuza sahani, akaifuta kwa kidole mpaka ikawa safi. Chakula chote kikaingia ndani. Akafunga kifuniko, akarudi mezani, akanisogezea bakuli la ugali.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Kula."